Kila Mtu na Talanta Yake

Hapa Ng'ambo, Tabora, tunaishi palipopita misafara iliyopeleka watumwa pwani. Adrian Atiman naye aliuzwa utumwani utotoni, huko Afrika Magharibi. Mapadre Weupe wakamkomboa, akasomea utabibu Malta. Tangu mwaka 1889 hata alipofariki mwaka 1956 aliwatibu wagonjwa wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Nani kwetu atamfikia? Hata mwanawe Yosefu hakuwa tabibu, alikuwa padre. Je, alimpungukia babaye? La! Alishika imani ya babaye, akafuata wito wake mwenyewe. Basi, wazazi, tusimkemee mtoto, "Mbona huwi kama fulani?" Siku ya hesabu Mungu hatatudai talanta ya Atiman, atatudai ile aliyotukabidhi sisi.