Cheti cha Ndoa Huulizwa Msibani

Mtu akifariki, majirani hufunga turubai na kubandika sufuria la chai. Hakuna anayeuliza cheti. Maswali huja arobaini ikishapita, benki inapotaka kujua mjane ni nani au mfuko wa pensheni unapodai karatasi. Hapo familia hugundua kuwa ndoa zilikuwa mbili: ile waliyoishuhudia wakala pilau, na ile iliyoandikwa katika daftari la serikali.

Tunayoizungumzia hapa ni hiyo ya pili, na zaidi ile ya Marekani. Huko ugomvi juu ya nani aandike maana ya ndoa, na kama maana hiyo iwaingize watu wa jinsia moja, umefika hadi Mahakama ya Juu na kurudi Bungeni. Tena wengi wetu tuna ndugu kule.

Katiba ya Marekani haitaji neno ndoa hata mara moja. Kazi hiyo wameachiwa majimbo. Wanaotaka kuoana huenda kwa karani wa kaunti au wa mji kuchukua leseni. New York hungoja saa 24 kabla ya kufunga ndoa, Texas saa 72. Kisha padri, shehe au hakimu huwafungisha, huitia saini leseni ileile, nayo hurudi ofisini kusajiliwa. Anayefunga nikaha msikitini akaipuuza leseni amefunga ndoa mbele ya Mungu, lakini katika majimbo mengi mbele ya karani bado ni kapera, na siku ya talaka au mirathi asishangae akiambiwa hivyo.

Serikali kuu ya Washington haifungishi ndoa, ila inaitumia kila mahali: kodi, pensheni, uhamiaji. Wakaguzi wake walipohesabu mwaka 2004 walipata vifungu 1,138 vya sheria za shirikisho ambamo kuwa na mume au mke kunabadilisha jambo fulani. Mwaka 1996 Bunge lilikuwa limepitisha sheria, Rais Bill Clinton akaitia saini, kwamba katika vifungu hivyo vyote ndoa ni ya mwanamume na mwanamke tu. Jimbo la Massachusetts lilipoanza kutoa leseni kwa wapenzi wa jinsia moja tarehe 17 Mei 2004, ikawa mtu ana mwenzi jijini Boston, lakini mbele ya mtoza kodi wa Washington hana.

Kesi mbili zilizoivunja hali hiyo zote zilitoka msibani. Edith Windsor alifunga ndoa na Thea Spyer jijini Toronto mwaka 2007, baada ya kuwa pamoja zaidi ya miaka 40. Thea alifariki mwaka 2009. Jimbo la New York liliwatambua. Washington ilimtoza Edith kodi ya mirathi dola 363,053, ambayo mjane wa mume asingelipa hata senti. Alishtaki, na Juni 2013 Mahakama ya Juu ikakifuta kifungu kile cha sheria ya 1996.

Mwezi uliofuata, Jim Obergefell wa Ohio alimpakia mwenzake John Arthur, aliyekuwa mahututi kwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu, katika ndege ya wagonjwa hadi Maryland, kwa kuwa Ohio ilikataza ndoa yao. Walifungishwa ndani ya ndege ikiwa imesimama uwanjani, wakarudi. John alifariki Oktoba. Walichogombania mahakamani ni mstari mmoja katika cheti cha kifo: jina la mwenzi aliyebaki. Tarehe 26 Juni 2015, kwa kura 5 dhidi ya 4, mahakama ilisema majimbo yote lazima yafungishe na kutambua ndoa za jinsia moja.

Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika hukumu hiyo, alitegemea Marekebisho ya 14 ya Katiba na kesi ya Loving ya mwaka 1967, iliyofuta marufuku ya Weusi na Weupe kuoana. Jaji Mkuu John Roberts alipinga. Hakubishania kama ndoa hizo zina heri au hazina. Alisema Katiba imenyamaza, kwa hiyo kalamu ni ya wapiga kura. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali lenyewe, ingawa katika vijiwe vyetu hupotea mapema sana.

Halijafungwa pia. Mwaka 2022, mahakama ilipoondoa haki ya kikatiba ya kutoa mimba, Jaji Clarence Thomas aliandika kuwa hukumu ya 2015 nayo itazamwe upya. Bunge likapitisha sheria mpya, iliyosainiwa na Rais Joe Biden tarehe 13 Desemba mwaka huo. Isomwe kwa makini. Hailazimishi jimbo lolote kutoa leseni. Inalazimisha ndoa halali ya jimbo moja itambuliwe na mengine, na pia na Washington. Wala haiyalazimishi makanisa na misikiti kufungisha ndoa yasizoziamini.

Huku kwetu kalamu iko pengine. Tanzania imeweka maana ya ndoa katika Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 9: muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Kenya imeiweka katika ibara ya 45 ya Katiba yake ya 2010, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo katika ibara ya 40, na Burundi, Rwanda na Uganda nazo zimeiweka ndani ya katiba zao. Tofauti hiyo si ndogo, maana sheria ya kawaida hubadilishwa na Bunge katika kikao kimoja, katiba sivyo. Afrika Kusini ilipita njia nyingine: mahakama ya katiba ilitoa kwa Bunge mwaka mmoja wa kurekebisha sheria iruhusu ndoa za jinsia moja, na Novemba 2006 sheria ikapatikana.

Kwa msomaji mwenye safari, la kushika ni hili. Idara ya uhamiaji ya Marekani huangalia kwanza kama ndoa ilikuwa halali mahali ilipofungwa. Wanaume wawili waliooana Cape Town wanaweza kuomba viza kama wenzi. Mke wa pili aliyeolewa Tanga kwa nikaha halali kabisa hawezi, kwa sababu Marekani haikubali mitala. Maana ya serikali hukata pande zote mbili.

Na cheti cha Boston cha wenzi wa jinsia moja hakivuki bahari. Dar es Salaam na Nairobi hakihesabiki, na sheria za jinai za Tanzania, Kenya na Uganda huadhibu mahusiano hayo, kwa hiyo kukitoa mbele ya ofisa wa huku kunaweza kumletea mtu kesi. Mwenye mali nchi mbili aandike wosia nchi zote mbili, kila mmoja kwa sheria ya mahali mali ilipo, akijua kuwa kwa anayefuata mirathi ya Kiislamu wosia hauvuki theluthi. Kuhusu hospitali, jimbo lolote la Marekani linakuruhusu kumteua kwa maandishi atakayekuamulia matibabu ukipoteza fahamu. Karatasi hiyo haikuulizi kama umeoa.