SOMO LA AFYA: DAWA ZA PUMU, NA KWA NINI MGONJWA ASIZIACHE



Ndugu wasomaji, wakati wa baridi na ukungu hapa Amani, hata katikati ya ibada husikika kifua cha jirani kikipiga mluzi. Mara nyingi ndiyo pumu hiyo. Leo tujifunze dawa zake, maana wengi wetu tunazo nyumbani lakini tunazitumia nusu nusu.

Pumu ni nini?
Ndani ya mapafu mna mirija ya hewa. Kwa mwenye pumu, mirija hiyo huwa imevimba kwa ndani hata siku anapojiona mzima. Akipata baridi, moshi wa kuni, vumbi au mafua, misuli ya mirija hukaza na njia ya hewa huwa nyembamba. Mambo ni mawili basi: kuvimba na kukaza. Kwa hiyo dawa nazo ni za namna mbili.

Dawa ya kufungua
Hii ni salbutamoli, iliyoanza kutumika mwaka 1969. Hulegeza misuli kwa dakika chache, na nguvu yake hudumu saa 4 hadi 6. Lakini uvimbe hauondoi.

Dawa ya kuzuia
Hizi ni kama beklometasoni, ya kuvuta tangu mwaka 1972, na budesonidi. Hupunguza uvimbe polepole, kwa siku na majuma. Mgonjwa haoni nafuu papo hapo, basi huiacha na kushika ile ya kufungua tu. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa uvimbe huendelea kimya kimya mpaka siku ambayo salbutamoli haimfai tena. Tangu mwaka 2019 wataalamu wa pumu duniani wanashauri kwamba mtu mzima asitibiwe kwa salbutamoli peke yake.

Wengine husema dawa ya kuvuta humfanya mtu mtumwa wake. Si kweli. Huenda moja kwa moja mapafuni, kwa hiyo kiasi chake ni kidogo kuliko cha vidonge. Baada ya dawa ya kuzuia, mgonjwa asukutue mdomo kwa maji.

Je, chai ni dawa?
Sisi tunaoishi kati ya mashamba ya chai ya Kwamkoro na Bulwa tujue jambo hili. Mwaka 1888 Mjerumani Albrecht Kossel aligundua theofilini katika majani ya chai, na kwayo hutengenezwa aminofilini, iliyowatibu wengi. Lakini iliyomo kikombeni ni kidogo mno kuponya. Nayo dawa yenyewe, kiasi kinachotibu kiko karibu na kinachodhuru. Hutolewa na mganga tu.

Kwa watoto
Mwaka 1999 madaktari wa Afrika Kusini walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 husaidia kama kifaa cha dukani. Tundu hutobolewa kitakoni, lilingane na mdomo wa kichupa cha dawa, hewa isivuje. Dawa hupulizwa humo, na mtoto huvuta pumzi kupitia shingo ya chupa.

Dalili za hatari
Mgonjwa hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinabonyea, midomo inageuka rangi, au dawa haisaidii. Aketi wima, avute salbutamoli mara 4, moja moja, huku safari ikiandaliwa. Barabara ya kuteremka Muheza ni ndefu, na mvua huichelewesha; tusingoje kukuche.

Kanisani, wenye pumu wakae mbali na chetezo, karibu na mlango. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu na kutodharau dawa. Kuomba na kuvuta dawa havipingani.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini dawa ya kuzuia hutumiwa hata siku mgonjwa anapojiona mzima?
2. Jikoni mwetu moshi hutokea wapi?
3. Usiku wa hatari, nani kijijini ana chombo cha kumteremsha mgonjwa?