Kutoka Lawama hadi Dai: Lugha ya Kusuluhisha Mgogoro baina ya Mwenye Nyumba na Mkandarasi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha inayotumika mwenye nyumba anapomlalamikia mkandarasi kuhusu kazi yenye kasoro. Yanashikilia kwamba mgogoro wa aina hii hutatuliwa au hukwama kutegemea jinsi lalamiko linavyosemwa. Lawama humlenga mtu, ilhali dai hutaja kasoro, mapatano yaliyokiukwa, marekebisho yanayotakiwa na muda wake. Makala yanaongozwa na Nadharia ya Vitendo vya Usemi pamoja na dhana ya uso, na yanatumia mfano wa kubuni kuonyesha namna muundo wa kitenzi cha Kiswahili unavyoweza kuzidisha ugomvi au kuutuliza. Aidha, yanaeleza nafasi ya Kiswahili katika njia za kisheria zilizopo nchini Kenya.

1.0 Utangulizi

Wakenya wengi hujenga nyumba mara moja tu maishani. Fedha zinazotumika huwa ni akiba ya miaka mingi, mkopo wa chama cha ushirika au malipo ya uzeeni. Paa linapovuja katika mvua ya kwanza, au ukuta unapopasuka kabla ya nyumba kuhamiwa, hasara inayompata mwenye nyumba si ndogo. Upande wa pili yuko mkandarasi mwenye vibarua wa kulipa kila mwisho wa wiki na jina la kulinda, kwa kuwa kazi yake ya kesho hutegemea sifa atakayopewa na mteja wa leo. Zaidi ya hayo, kasoro nyingine huhatarisha uhai. Jengo la ghorofa lililoporomoka mtaani Huruma, Nairobi, mwezi wa Aprili 2016 liliwaua takriban watu 50.

Mgogoro wa ujenzi unawahusu wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu nyingi. Mapatano mengi baina ya mwenye nyumba na fundi hufanywa kwa Kiswahili, papo hapo kiwanjani, bila maandishi. Ugomvi nao huzuka kwa Kiswahili. Hata hivyo, katika kufundisha sajili, mifano hutolewa zaidi kutoka mahakamani, hospitalini, sokoni na msikitini. Sajili ya ujenzi husahaulika, ingawa ndiyo inayobeba akiba ya watu wengi.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Katika kitabu chake cha mwaka 1962, How to Do Things with Words, J. L. Austin alieleza kwamba kusema ni kutenda. Alitofautisha tendo la kutamka maneno, kusudio linalobebwa na maneno hayo, na athari inayompata msikilizaji. Ubainishaji huu unalihusu lalamiko moja kwa moja. Mwenye nyumba anaweza kukusudia kurekebishiwa ukuta, lakini athari ya maneno yake ikawa ni kumfanya fundi akusanye vyombo vyake na kuondoka. Kusudio na athari vikiachana, lalamiko limeshindwa hata kama kila neno lililosemwa ni la kweli.

Brown na Levinson (1987) wanaongeza dhana ya uso, yaani heshima ambayo kila mtu hutaka ihifadhiwe mbele ya wenzake. Dhana hii si ngeni kwa Waswahili. Msemaji wa Kiswahili husema kwamba mtu fulani amekunjiwa uso, au kwamba aliyeaibishwa hana uso wa kuwatazama watu. Mkandarasi anayekaripiwa mbele ya vibarua wake huutetea uso wake kwanza. Ukuta hungoja.

3.0 Lawama na Dai: Mfano

Tuchukue mfano wa kubuni. Ukuta wa jikoni umepasuka kutoka pembe ya juu ya dirisha kuelekea darini. Mwenye nyumba, mama wa makamo, amemwita mkandarasi aje aone. Mazungumzo ya kwanza yanakwenda hivi:

Mwenye nyumba: Umeniharibia nyumba! Nyinyi mafundi wote ni wezi. Nirudishie pesa zangu!

Mkandarasi: Mama, nimejenga nyumba nyingi hapa na hakuna aliyelalamika. Na mchanga ulinunua wewe mwenyewe.

Mazungumzo ya pili yanahusu ukuta ule ule:

Mwenye nyumba: Habari ya kazi, fundi? Asante kwa kuitika. Hebu tuangalie pamoja. Ukuta umepasuka kuanzia pembe hii. Tulipatana lenta iingie ukutani sentimita 20 kila upande. Nikipima hapa naona 5. Wewe unaonaje?

Mkandarasi: Ni kweli, mama. Upande huu lenta imekuwa fupi. Vijana walikosea.

Mwenye nyumba: Basi tutaiondoaje kasoro hii, na lini?

Tofauti kubwa iko kwenye vitenzi. Katika mazungumzo ya kwanza kitenzi ni "umeniharibia". Kiambishi cha nafsi kinamtaja mtenda, na kauli ya kutendea inaonyesha kwamba madhara yamemlenga msemaji. Kitenzi kimoja kimetoa mashtaka, ushahidi na hukumu. Katika mazungumzo ya pili kitenzi ni "umepasuka". Ukuta ndio kiima, na mtenda hajatajwa. Kasoro imewekwa mbele ya watu wawili waitazame kabla ya yeyote kuitwa mkosaji.

Hata hivyo, ni muhimu kutahadhari. Umbo hili lisilomtaja mtenda ndilo kichaka cha fundi asiyetaka kuwajibika. Husema, "Imeharibika tu, mama," au "Saruji ilikataa kushika," kana kwamba saruji ilijichanganya yenyewe. Kwa hivyo umbo la "umepasuka" linafaa wakati wa kuitaja kasoro, lakini wakati wa kupanga marekebisho mtenda lazima arudi: nani ataibadilisha lenta, nani atalipia, na kazi itakamilika lini. Jibu la "itarekebishwa" halitoshi, na wala "nitakuja kesho kutwa" halitoshi iwapo siku hiyo haikuandikwa. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni lina kiasi na tarehe.

4.0 Kuitaja Kasoro kwa Jina Lake

Lalamiko lisilo na istilahi hubaki kuwa manung'uniko. Kusema "kazi ni mbaya" hakumwambii fundi afanye nini. Kusema kwamba ukuta hauendi sambamba na timazi, kwamba sakafu haijakaa sawa kwa pimamaji, kwamba plasta inabambuka, au kwamba vigae vinatoa mlio wa uwazi vikigongwa, ni kutaja jambo ambalo yeyote anaweza kulikagua. Vivyo hivyo, "zege nzuri" haipimiki. Zege ya kiasi kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto, iliyomwagiliwa maji kwa siku saba, inapimika.

Istilahi hizi zina majina zaidi ya moja. Kitabu husema saruji na kokoto. Kiwanjani husikika simiti na balasti. Katika mapatano ni bora kutumia jina ambalo fundi hulitumia, na kulishikilia hilo hilo hadi mwisho ili pasizuke utata.

Ipo pia tofauti ya maana kati ya kuziba, kurekebisha na kujenga upya. Methali isemayo "Usipoziba ufa utajenga ukuta" inahimiza kuwahi, na inafaa kwa mwenye nyumba anayesitasita kulalamika. Lakini mwashi anajua kwamba ufa uliotokana na lenta fupi au msingi uliotitia hauponi kwa kupakwa simiti na rangi. Utarudi. Mwenye nyumba akiandika "naomba uzibe ufa," fundi atauziba, naye atakuwa ametimiza alichoombwa. Kitenzi kilichochaguliwa vibaya kimemnyima haki yake.

5.0 Kutoka Mdomo hadi Maandishi

Mapatano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali, lakini ni vigumu kuyathibitisha pande mbili zinapokumbuka mambo tofauti. Methali isemayo "Mali bila daftari hupotea bila habari" inasadifu hapa. Risiti, picha, jumbe za simu na kumbukumbu za malipo yaliyotumwa kwa simu ni daftari la siku hizi. Baada ya ukaguzi wa pamoja, mwenye nyumba katika mfano wetu angeweza kuandika hivi:

"Kwa mujibu wa mapatano yetu ya tarehe 10 Januari 2024, lenta ya dirisha la jikoni ilipaswa kuingia ukutani sentimita 20 kila upande. Tulipoikagua pamoja tarehe 6 Mei 2024, tuliona imeingia sentimita 5 upande wa kushoto, na ukuta umepasuka kutoka pembe hiyo kwenda juu. Naomba uibadilishe lenta na kuijenga upya sehemu ya ukuta iliyoathirika kwa gharama yako, kazi ikamilike kufikia tarehe 31 Mei 2024. Malipo ya mwisho ya shilingi 40,000 yatatolewa kazi ikikaguliwa na kukubalika. Picha sita zimeambatishwa."

Sentensi ya kwanza inataja kipimo, ya pili kasoro, ya tatu marekebisho, mtenda na muda, na ya nne inamhakikishia fundi kwamba naye atapata haki yake. Hakuna tusi wala kitisho. Barua hii inaweza kusomwa na fundi, mzee wa mtaa au hakimu, na wote wakaelewa jambo lile lile.

Mambo mawili ya utendaji yanastahili kusisitizwa. Kwanza, iwapo hakuna hatari ya papo hapo, si busara kumwita fundi mwingine abomoe kabla ya yule wa kwanza kuona na kabla ya picha kupigwa, kwa kuwa ushahidi huondoka na vifusi. Pili, kama pande hizi hazikubaliani kuhusu chanzo, mhandisi asiyefungamana na upande wowote aitwe akague. Inawezekana kosa likawa la mwenye nyumba aliyenunua saruji pungufu au aliyebadilisha ramani katikati ya kazi. Dai la haki hukubali kupimwa.

6.0 Kiswahili na Njia za Kisheria

Mazungumzo yakishindikana, sheria za Kenya zinatoa njia kadhaa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, pamoja na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Kifungu cha 159 kinaitaka mahakama kuendeleza njia mbadala za kutatua migogoro, zikiwemo maridhiano, upatanishi, usuluhishi na njia za jadi. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ndiyo inayowasajili wakandarasi. Kwa hivyo swali la kwanza la mwenye nyumba, kabla hata ya kuchimba msingi, liwe ni kama mkandarasi wake amesajiliwa.

Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021. Mlalamishi anaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka uamuzi utolewe katika siku 60. Dai la kuvunjwa kwa mkataba, kwa kawaida, sharti lifunguliwe ndani ya miaka sita.

La muhimu zaidi kwa mwanafunzi wa Kiswahili ni kwamba Katiba, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inaruhusu Kiswahili kitumike katika mahakama za chini. Mwenye nyumba aliyeandika dai lake kwa Kiswahili sanifu na chenye vipimo hana haja ya kungoja litafsiriwe ndipo liwe na uzito.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba lalamiko kuhusu kazi mbovu hufaulu linapoepuka kumhukumu mtu na kuielekea kasoro, na linapomrudisha mtenda pale ahadi ya marekebisho inapotolewa. Kiswahili kina maumbo ya vitenzi, istilahi na methali za kuifanya kazi hiyo. Kinachokosekana ni mikataba na barua za mfano ambazo mwenye nyumba na fundi wanaweza kuzisoma pamoja na kutia sahihi. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina uwezo wa kuziandaa, kwa kushirikiana na mafundi wenyewe, na vingekuwa vimewasaidia watu ambao nyumba zao hazijaanza kujengwa.

Maswali ya mjadala

1. Linganisha athari ya vitenzi "umevunja", "kimevunjwa" na "kimevunjika" katika lalamiko kuhusu kigae.

2. Kusanya istilahi kumi kutoka kiwanja cha ujenzi kilicho karibu nawe, kisha uzilinganishe na zile za kamusi.

3. Andika mkataba wa ukurasa mmoja baina ya mwenye nyumba na fundi wa paa, ukihakikisha kwamba kila ahadi ina mtenda, kipimo na tarehe.