Baiskeli ya Umeme kwa Njia za Tabora: Mafunzo Niliyopata

Tabora ni mji wa baiskeli. Asubuhi utawaona wakiingia kutoka Kwihara, Itetemia na Tumbi: wa mkaa, wa maziwa, wanafunzi, watumishi wa ofisini. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi na ardhi yake karibu yote ni tambarare, kwa hiyo kinachomchosha mtu si mlima bali jua, mchanga na umbali. Kwangu hadi mjini ni kilomita 10 hivi. Nilitaka baiskeli ya umeme yenye kasi, ya kunifikisha kazini bila jasho, na iundwe na mafundi wa hapa hapa. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Volti huleta kasi, upepo huidai.

Mota ile ile ukiitoa kwenye volti 36 ukaipa 48, mzunguko wake huongezeka kwa theluthi moja. Wengi wakisikia hivyo hufurahi na kuishia hapo. Lakini ukitoka mwendo wa kilomita 25 kwa saa ukaenda 40, nguvu ya kuupasua upepo hupanda mara nne, na kwa kila kilomita upepo hula umeme mara mbili na nusu ya ule wa mwanzo. Sasa piga hesabu ya muda. Kilomita 10 kwa mwendo wa 25 ni dakika 24. Kwa mwendo wa 40 ni dakika 15. Unaokoa dakika 9, tena kama njia nzima ni lami na hakuna ng'ombe wanaovuka.

Nimeuweka mwendo wangu kwenye 30, na sioni kuwa nimejinyima. Misafara ya zamani ya Bagamoyo na Ujiji, iliyopita hapa Unyanyembe, ilifuata mwendo wa kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, si wa kijana mwenye mbio kuliko wote, kwa sababu kilichotakiwa ni msafara mzima ufike na mizigo yake.

2. Breki kabla ya mota.

Breki za vyuma za baiskeli za Phoenix zilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayekanyaga pedali. Kwa mwendo wa umeme hazifai, na mvua ikinyesha ndiyo hazishiki kabisa. Weka breki za diski, na mikono ya breki yenye swichi ya kukata umeme wa mota pale unapoigusa. Fedha ikipungua, punguza ukubwa wa mota.

3. Ekseli ishikwe.

Hili ningependa kila fundi wa mkoa huu alijue. Mota ya kitovu, ile inayokaa katikati ya gurudumu, husukuma gurudumu kwa kujishikiza kwenye ekseli yake. Ekseli hiyo imechongwa bapa pande mbili, na ubapa huo pamoja na nati ndivyo vinavyoizuia isizunguke ndani ya matundu ya fremu. Ukiondoka kwenye mchanga, mota ikavuta kwa nguvu zote, ekseli hutaka kuzunguka kinyume. Ikifanikiwa inapanua matundu, inasokota na kukata waya zake, na gurudumu linaweza kuchomoka.

Dawa yake ni mkono wa chuma. Fundi wa kuchomelea niliyemwendea alichukua bamba la milimita 6, akalitoboa, kisha akaanza kulichonga tundu kwa tupa. Anakwangua kidogo, anajaribisha kwenye ekseli, anachomoa, anapuliza unga wa chuma, anakwangua tena. Alipomaliza, hata karatasi isingepita kati ya tundu na ekseli. Ncha ya pili ya bamba akaifunga kwenye fremu kwa klipu mbili. Kazi ile ya tupa ilikula asubuhi nzima, na kwangu ina thamani kuliko mota yenyewe.

4. Uzito ukae katikati.

Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba kama kilo 30 kila mmoja kwa safari ya miezi, na aliyebeba kwa mzega, mti wenye mzigo kila ncha, alijua kwamba upande mmoja ukizidi, bega ndilo linaloumia. Mota ikiwa nyuma na betri ukaifunga kwenye karia, usukani unakuwa mwepesi na baiskeli inayumba mchangani. Betri ifungwe ndani ya fremu, chini kadiri inavyowezekana.

5. Betri ni kundi lake dhaifu.

Betri ya volti 48 huwa na makundi 13 ya seli za lithiamu. Kila kundi likijaa ni volti 4.2, jumla 54.6. Kundi moja likichoka, saketi ya ulinzi itakata umeme hata kama mengine 12 bado yana nguvu. Kwa sababu hiyo siziamini seli za kuokoteza kutoka kompyuta mpakato zilizokufa, ingawa ni rahisi. Pima kila kundi. Na Oktoba, jua linapowaka, betri ipoe kwanza kivulini ndipo uichaji.

6. Maji hufuata waya.

Kabla waya haujaingia kwenye kontrola, kisanduku kinachoongoza umeme wa mota, uache ulegee na kushuka kidogo chini ya tundu, kisha upande. Maji ya mvua yatadondokea pale kwenye kona.

7. Uniti moja ya Luku inatosha.

Betri ya volti 48 na ampea-saa 15 hubeba wati-saa 720. Uniti moja ni wati-saa 1,000, kwa hiyo hata ukiondoa joto linalopotelea kwenye chaja, uniti moja huijaza kutoka sifuri. Kwa mwendo wangu natumia wati-saa 15 hivi kwa kilomita, nami hukanyaga pedali pia. Umeme ukikatika usiku, nusu ya betri hunipeleka kazini na kunirudisha.

8. Si kila mtu anataka kasi.

Jinja, Uganda, kuna baiskeli za umeme za AfricroozE zinazobeba mizigo na hata wagonjwa. Fundi wangu naye sasa anaunda ya pili, ya mama muuza maziwa. Mama huyo hakuuliza hata siku moja inakimbia kiasi gani. Aliuliza kama itabeba madumu mawili na kufika sokoni kabla maziwa hayajachacha. Tumemchagulia mota yenye gia ndani, inayoondoka vizuri mchangani ikiwa na mzigo, na bamba la ekseli limeshaanza kuchongwa.