SIKU ZETU ZINA HESABU: TUFANYE NINI NAZO?

Masomo: Zaburi 90, Matendo 9:36-42, 1 Wakorintho 15:58

Kila mara tunapotoka makaburini vijana wetu wanatuuliza: ikiwa wote tutakufa, kusoma, kulima na kujenga kuna faida gani? Tusiwagombeze. Musa mwenyewe alipeleka jambo hili mbele za Mungu. Hakuomba asife, aliomba kufundishwa hesabu ya siku zake, apate hekima.

1. Wingi wa siku si kipimo

Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake huko Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwezi wa Septemba akakamatwa. Miezi mitano tu! Alihukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alifariki tarehe 12 Oktoba 1951 katika gereza la Elisabethville, leo Lubumbashi. Kwa hesabu ya dunia, miaka ile 30 ilipotea bure.

Lakini Mama Marie Muilu, mke wake, hakukaa akilia tu. Alilea watoto, akawashika waamini kwa siri wakati wa mateso. Alifariki mwezi wa Aprili 1959. Kanisa likatambuliwa na serikali mwezi wa Desemba mwaka uleule. Hakuona mavuno hayo, lakini alipanda.

2. Maana ya maisha iko karibu nasi

Biblia haisemi kwamba Dorkasi wa Yafa alihubiri. Alishona. Alipokufa, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowatengenezea. Huo ndio ulikuwa ushuhuda wake. Naye alipofufuliwa, alirudishwa kwa wajane walewale.

3. Ufufuo hauondoi kazi

Paulo anafundisha habari za ufufuo sura nzima. Je, anamaliza kwa kutuambia tuketi tungoje? Hapana. Anamaliza kwa kutuhimiza tuzidi katika kazi ya Bwana, maana taabu yetu haitakuwa bure.

Basi, wapendwa, tusingoje kazi kubwa. Mwenye jembe alime, mwenye sindano ashone, mwenye kujua kusoma amfundishe asiyejua. Kifo kitatukuta, kitukute tukitumika.

Maulizo ya kutafakari

1. Tukifa leo, wajane na yatima wa mtaa wetu wataonyesha nini?
2. Ni kazi gani tunayoiahirisha kana kwamba siku hazina mwisho?
3. Tunapanda nini ambacho watoto wetu watavuna?