Mdogo wangu, si kila klasi inahitaji mzazi

Mdogo wangu uliyeniuliza kama uendelee na urithi au uhamie kwenye majukumu katika programu yako ya Perl, njoo tuongee.

Una klasi uliyoiita Msingi. Inaandika kumbukumbu, inatuma SMS, inapanga tarehe, na klasi zote zinairithi, Ankara na Mteja zikiwemo. Hebu niambie, Ankara na Mteja wana undugu gani? Anayerithi mali hurithi na madeni: ukigusa metodi moja kule juu, huku chini wote wanayumba. Rithi pale tu unapoweza kusema bila kusita kwamba hiki ni aina ya kile. AnkaraYaMkopo ni Ankara, basi andika extends 'Ankara' na roho itulie. Kutuma SMS lakini si ukoo, ni kazi. Kazi iandikie jukumu kwa Moose::Role, kisha kila klasi inayoihitaji ipewe kwa with. Ukiona Moose ni nzito, Moo inatosha.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi mnapoumia. Tuseme klasi ina wazazi wawili na wote wana metodi ya tuma. Kwa kawaida Perl huanza na mzazi aliyetangulia kwenye @ISA, hupanda hadi kwa mababu zake wote, na ikiikuta tuma huko huichukua kimya kimya. Ya mzazi wa pili haiguswi, wala huambiwi. Majukumu mawili yenye tuma, ukiyataja pamoja kwenye with moja, Moose inagoma papo hapo klasi inapojengwa na kukutajia metodi inayogongana. Hapo andika tuma yako mwenyewe ndani ya klasi, uamue nani afanye nini. Kwa hilo peke yake mimi nayapenda majukumu. Ila ukiyagawa kwenye with mbili, kinga hiyo huna tena: la kwanza linashinda na onyo hupati. Yataje pamoja, tafadhali sana.

Jukumu likihitaji kitu kutoka kwa klasi, kwa mfano namba ya simu, liseme wazi kwa requires 'simu'. Kama simu umeitengeneza kwa has, with ikae chini yake. Ikitangulia, utaambiwa simu haipo.

Ulitaja pia class mpya iliyokuja na Perl 5.38 mwaka 2023. Ni nzuri, lakini ilikuja na urithi wa mzazi mmoja tu, bila majukumu. Usiikimbilie kwa mfumo huu.

Na usibomoe Msingi yote kwa mkupuo. Toa SMS kwanza, iwe jukumu, wape Mteja na Ankara, endesha majaribio yako. Yakipita, hamia kwenye kumbukumbu.