Hazina ya Dharura ya Kaunti

Nairobi na Mombasa ni miji, na pia ni kaunti. Kwa hivyo akiba yao ya dharura huongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Watahiniwa wengi huandika kwamba hazina hii ni "pesa za kusaidia waathiriwa" na kuishia hapo. Jibu hilo ni pungufu. Eleza nani hutoa pesa hizo, wakati gani, na kwa kiasi gani.

Kamati tendaji ya kaunti inaweza kuanzisha hazina kwa idhini ya bunge la kaunti. Zingatia neno "inaweza": sheria haiilazimishi. Dharura ikitokea, waziri wa fedha wa kaunti hulipa kwanza, kisha huomba idhini ya bunge katika muda usiozidi miezi 2. Matumizi ya kawaida huidhinishwa kabla. Haya huidhinishwa baadaye, kwa kuwa aliyezingirwa na maji hawezi kungoja mjadala.

Ili ruhusa hiyo isitumiwe vibaya, pana kikomo. Malipo ya mwaka wa fedha yasizidi asilimia 2 ya mapato yote ya kaunti, kulingana na hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliotangulia. Tuseme mapato yalikuwa shilingi bilioni 12:

12,000,000,000 × 2/100 = shilingi 240,000,000

Unaona ni nyingi? Asilimia 2 ya siku 365 ni siku 7 hivi. Hayo ni mapato ya wiki moja tu! Nchini Marekani, chama cha maafisa wa fedha wa serikali hushauri miji iweke akiba isiyopungua ya miezi 2. Hata hivyo, akiba ya huko hutumika pia mapato yanaposhuka, ilhali hii yetu ni ya dharura pekee.

Sasa tuje kwenye sehemu inayowatatiza wengi: dharura ni nini? Kisheria, ni tukio lisilotarajiwa linalotishia maisha au ustawi wa watu, au mazingira, na ambalo malipo yake hayawezi kuahirishwa hadi mwaka mwingine. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliua watu na kusomba nyumba mtaani Mathare, Nairobi. Kwamba yalitishia maisha, hakuna ubishi. Lakini je, hayakutarajiwa? Masika huja kila Machi hadi Mei. Kuzibua mtaro uliojaa taka tangu mwaka jana ni kazi ya bajeti ya kawaida. Kuwaokoa na kuwalisha waliokesha juu ya paa ni dharura. Mwakilishi wadi asipotenganisha mambo haya mawili, hazina italipia uzembe wa mwaka jana, na masika yatakapofika haitakuwa na kitu.

Swali
Kaunti imetumia hazina ya dharura kukarabati daraja ambalo wahandisi walionya miaka 3 iliyopita kuwa lingeanguka. Daraja limeanguka juzi, na wagonjwa hawafiki hospitalini. Ukiwa mwakilishi wadi, je, ungeidhinisha malipo hayo? Toa sababu mbili zinazounga mkono na mbili zinazopinga. (alama 8)